Ada ya soko imepanda zaidi ya mara mbili na hakuna mtu alituuliza, tukienda koti tutashinda?

MitumbaJumapili ameuliza:

Wakuu habari za jioni. Niko na swali na naomba majibu ya ukweli, msinipe moyo bure. Mimi nauza mitumba ya watoto kwa soko moja huku upande wa magharibi, kaunti sitaitaja kwa sababu kuna watu wanasoma hapa na kibanda changu bado nakitaka. Kila Jumapili alfajiri naenda soko la Kibuye, Kisumu, kufungulia belo, narudi nayo nauza wiki yote.

Sasa mwezi wa tisa tumeamka tukapata tiketi ya siku imetoka 30 imeenda 70, na kodi ya kibanda imetoka 600 kwa mwezi imefika 1,500. Kuuliza kijana wa kukata tiketi anasema ni Sheria ya Fedha mpya ya kaunti, yeye ametumwa tu. Tukaenda afisi ya soko tukiwa kama watu kumi na wanne hivi, afisa akatuangalia akasema wananchi walishirikishwa, maoni yakachukuliwa, kwani nyinyi mlikuwa wapi. Tulikuwa wapi! Tulikuwa kwa soko tukiuza ndio tuwalipe hiyo tiketi.

Tangazo lenyewe nimekuja kuliona baadaye. Lilikuwa limebandikwa na uji wa unga kwa mlango wa choo cha wanaume, mvua ikalinyeshea mpaka saa ya kikao huwezi kusoma, na hapo sokoni wauzaji wengi ni akina mama, sasa sijui walitarajiwa kulisomea wapi. Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi kwa ukumbi ulio mbali, nauli kwenda na kurudi ni mia mbili, na Jumanne ndio siku ya soko letu kubwa. Yaani hata ungepanga kutufungia nje hungepanga vizuri hivyo.

Maswali yangu ni haya. Sisi si mawakili, tunaweza kwenda koti wenyewe? Inagharimu pesa ngapi? Tukishaamua kwenda, tunaweza kuacha kulipa kwanza mpaka kesi iishe? Na la mwisho, kuna jamaa kwa grupu yetu ya WhatsApp anasema hii maneno ya kushirikisha wananchi haina nguvu tena tangu ile kesi ya Sheria ya Fedha ya 2023 iende ikirudi, kwamba koti kubwa lilikubali serikali ifanye vile inataka. Ni kweli?

KaraniMstaafu (Nakuru):

Kijana, nimefanya kazi ya masjala ya koti miaka mingi, nikaona watu wakiingia na kesi nzuri wakitoka bila kitu, na wengine na kesi ya ovyo ikashinda kwa sababu makaratasi yalikuwa yamepangwa. Nitakujibu kwa kuanzia lile la kuacha kulipa kwa sababu huko ndiko mna haraka ya kukosea.

Usiache kulipa. Sheria ikishapita inachukuliwa kuwa halali mpaka jaji aseme vingine, kwa hivyo ukigoma leo kanjo, askari wa kaunti, watakubebea belo na hiyo kesi yako ya belo itakuwa nyingine kabisa. Lipa huku umenuna, weka tiketi.

Kwenda koti wenyewe mnaweza. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu yeyote anaweza kwenda kulalamika haki imevunjwa au inatishiwa, kwa niaba yake, kwa niaba ya wenzake, au kwa maslahi ya umma, na Kifungu cha 258 kinasema hivyo hivyo mahali Katiba yenyewe imevunjwa. Okiya Omtatah si wakili, na kabla hajakuwa seneta wa Busia 2022 alikuwa ameshazoesha majaji sura yake. Kuhusu pesa, Katiba inasema kesi ya haki haitozwi ada ya kufunguliwa, lakini usidanganyike ni bure, kuna kopi, kuna kula kiapo, kuna kupeleka makaratasi kwa kila mshtakiwa, kuna nauli ya kila siku ya kutajwa, na kesi inatajwa mara nyingi kuliko inavyosikizwa. Mkishindwa, kwa kesi za maslahi ya umma mara nyingi jaji anasema kila upande ubebe gharama yake. Mara nyingi nimesema, sijasema kila mara.

Sasa kwa shida yenyewe. Kuna kesi mnafaa kuijua kama jina la mama, ya Gakuru dhidi ya gavana wa Kiambu. Kaunti ilipitisha Sheria ya Fedha ya 2013, watu wakaenda Mahakama Kuu, na 2014 Jaji Odunga akaitupa sheria yote kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kitu alisema pale kinanifurahisha mpaka leo, kwamba bunge la kaunti linafaa kutumia kila njia ya maana kuwafikia watu, makanisa, misikiti, baraza, redio za kitaifa na za lugha za mama. Mlango wa choo hakuutaja.

Halafu 2019 Mahakama ya Juu, ndiyo koti la mwisho kabisa, kwa ile kesi ya kampuni ya sigara ya BAT ikaweka vipimo. Kushirikisha kuwe kwa kweli, kusiwe kiini macho cha kuweka tiki kwa fomu. Mzigo wa kuandaa ni wa afisi ya umma, si wa mwananchi kujitafutia. Lakini ikasema pia, na hapa ndipo watu hufumba macho, kwamba si lazima kila mtu asikizwe, na kusema tu hatukushirikishwa hakuangushi sheria yenyewe kwa yenyewe. Koti linaangalia wingi na ubora wa kile kilifanyika.

Ile ya 2023 jamaa wa grupu ameshika mkia akadhani ni ng'ombe mzima. Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024 iliitupa Sheria ya Fedha ya 2023 yote, na hiyo ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya vijana kuingia barabarani na Mswada wa 2024 kuondolewa, kwa hivyo serikali ilibaki imeshika hewa. Wakakimbia Mahakama ya Juu, oda ya kusimamisha ikapatikana mwezi wa nane, na 29 Oktoba 2024 uamuzi wa Rufaa ukapinduliwa. Majaji wakasema ushirikishaji ulitosha na kwamba sheria haijalazimisha Bunge kutoa sababu kwa kila pendekezo lililokataa. Hawakusema ushirikishaji si lazima. Tofauti ni kubwa. Kule Bunge lilikuwa na matangazo ya magazeti, kamati, vikao, mabunda ya maoni yaliyoandikwa. Ninyi mnasema hapakuwa na kitu isipokuwa karatasi ya uji. Kama ni hivyo kesi yenu iko karibu na Gakuru kuliko hiyo ya 2023, lakini itabidi muonyeshe, na kuonyesha kitu ambacho hakikufanyika ni kazi.

BodaWaMbale:

Mzee karani umesema vizuri lakini wacha niseme kile watu wa stage tunasema. Koti ni mchezo wa wenye nafasi. Chukua hii ya nyumba, yale makato ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu. Tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu wanasema makato ya nyumba yanavunja Katiba, siku hiyo hiyo serikali inaomba isimamishiwe na inapewa mpaka 10 Januari 2024, shemeji yangu ni mwalimu, Krismasi amekatwa pesa ambayo koti limesema ni haramu!! Januari tarehe 26 Rufaa ikakataa kuwaongezea muda, sisi tukashangilia, na ilipofika Machi tarehe 19 sheria mpya imesainiwa, makato yamerudi na sasa yana sheria yake mwenyewe, na Oktoba hiyo hiyo ya 2024 Mahakama Kuu ikasema hiyo mpya iko sawa. Sasa niambie nani alishinda. Mtaenda huko miaka miwili, mtashinda, kaunti itaita kikao kingine watu thelathini wapewe soda na mkate, wapitishe 70 ile ile, na hapo itakuwa halali kabisa na nyinyi mmemaliza pesa ya belo kumi.

Mimi ningekuwa nyinyi ningefunga soko siku mbili. Waone hiyo ada wataitoza nani.

KaraniMstaafu (Nakuru):

Boda hujakosea, ndio maana nauliza huyu kijana kabla hajaenda popote, mnataka nini hasa? Kesi ya utaratibu haishushi bei. Inawarudisha mezani na inawafanya waulize watu kwanza. Kama kitu mnataka ni 70 irudi 30, hakuna jaji atawaandikia 30. Kama mnataka kuketi nao mkiwa na nguvu kidogo, hapo ndio koti husaidia.

NyarNam:

Mimi nauza omena, nachukua Dunga siku zingine na Port Victoria siku zingine, na hii njia nimeipita kwa hivyo sikizeni mama. Miaka kadhaa nyuma, kwa mji mwingine si hapa Kisumu, tulikuwa na maneno kama haya, walitaka kutuhamisha. Tukachanga mia tano tano tukatafuta wakili, akaandika karatasi nzuri za kiingereza kikubwa, tukaenda kotini tumevaa leso mpya kama tunaenda harusi. Kesi ikatupwa. Tena haikutupwa kwa sababu tulikuwa na makosa, ilitupwa hata maneno yetu hayajasikizwa, upande ule mwingine walisimama tu wakasema hawa wamekuja hapa kabla hawajaenda kwa wahusika, hakuna barua hata moja waliandika, hawajapeleka malalamishi mahali sheria inasema. Jaji akauliza wakili wetu barua iko wapi. Wakili akaanza kugeuza makaratasi vile mtu hutafuta funguo mfukoni na anajua aliacha nyumbani. Tuliona shingo yake ikitoa jasho kutoka nyuma.

Kwa hivyo kijana, kabla ya koti andikeni barua. Kwa afisi ya soko, kwa karani wa bunge la kaunti, kwa huyo mjumbe wenu wa wadi. Kila barua iwe na kopi, na kopi ipigwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kupiga muhuri rudi siku nyingine na watu wanne mkae kwa benchi mpaka wachoke. Mimi hiyo kopi yenye muhuri nikiwa nayo nalala vizuri kuliko nikiwa na wakili.

Na boda usiwaambie wafunge soko. Wewe pikipiki haiozi. Nyanya inaoza.

BodaWaMbale:

Hahaha mama hapo umenimaliza.

MzeeWaNyanya_Naks:

Mimi nitasema kitu hamtapenda. Kwetu ada ilipanda, tukalia sana, lakini choo sasa kina maji, na taa zimewekwa, akina mama wanafunga saa mbili usiku badala ya saa kumi na mbili. Sasa pesa ya hivyo vitu itoke wapi? Ulizeni hiyo 70 inaenda wapi kabla ya kuuliza kama ni halali. Wakiwaonyesha, lipeni. Wakishindwa kuwaonyesha, hapo mimi niko na nyinyi.

MitumbaJumapili:

Mzee kwetu choo kina maji siku ya mvua peke yake, yanaingia kutoka juu. Lakini nimekusikia. Na mama NyarNam asante, barua hatujaandika hata moja, tulikuwa tunaenda na mdomo tu.

WakiliWaKijijini (Kakamega):

Nimechelewa kidogo, nilikuwa na kesi. Mzee karani ameshamaliza sehemu kubwa. Nitaongeza upande wa makaratasi, na mjue hapa naongea kwa jumla, mimi si wakili wenu.

Kitu cha kwanza, mmeiona hiyo Sheria ya Fedha yenyewe kwa macho? Si tangazo, si maneno ya kijana wa tiketi. Karibu watu wote huja kwangu wakipinga sheria ambayo hawajaisoma. Kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti rasmi. Tafuteni kama imechapishwa na tarehe gani. Halafu fungueni jedwali la nyuma ambako ada zimeorodheshwa, mtafute mstari wa soko lenu, kwa sababu masoko huwekwa kwa madaraja na mtu anaweza kuwa anawatoza ya mji mkubwa na nyinyi ni soko la wadi. Kifungu cha 210 kiko wazi sana, hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kutozwa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Mkipata tofauti hata ya shilingi tano kati ya jedwali na tiketi, hamhitaji tena kubishana kuhusu nani alialikwa kikao gani.

Cha pili, ombeni rekodi za hicho kikao. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya habari iliyo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 ya kupata habari inawapa siku 21 za kujibu. Ombeni tangazo na mahali lilitolewa, orodha ya waliohudhuria, maoni yaliyopokelewa, na ripoti ya kamati ya bunge la kaunti. Wakiwapa, mna ushahidi. Wakinyamaza, mna barua yenye muhuri na kimya chao, na kimya nacho ni ushahidi. Hapo pia ile shida ya mama NyarNam inakuwa imetibiwa. Na sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inawapa haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, pelekeni, hata kama mjumbe wenu ndiye alipiga kura ya ndiyo.

Cha tatu ni hii oda ya muda ambayo kila mtu huniuliza siku ya kwanza. Mahakama ya Juu kwa kesi ya Munya ya 2014 iliweka maswali matatu, kesi ina mashiko au ni maneno tu, oda ikinyimwa kesi itageuka kuwa ya bure, na maslahi ya umma yako upande gani. Kwa ada, hapo pa pili ndipo mnakwama. Kaunti itasimama iseme, hii ni pesa, wakishinda tutawarudishia, hakuna kitu kitapotea. Na jaji ataona ni kweli. Sasa nyinyi mnajibu nini? Mnajibu kwamba ni watu mia kadhaa wanalipa pesa kidogo kidogo kila siku, tiketi inatupwa jioni, hakuna rejista, hakuna vile mtu atarudishiwa. Hilo ni jibu zuri, lakini linataka muonyeshe hizo tiketi zinavyofanana.

Na hata mkipata oda msichinje mbuzi. Mmeona ya Gachagua, yule naibu rais aliyeondolewa, Oktoba 2024 oda ya koti la Kerugoya ilitoka tarehe 18 ikizuia nafasi yake kujazwa, nchi nzima ikashika kichwa, tarehe 31 ikaondolewa na Novemba tarehe 1 Kindiki akaapishwa. Oda ni mwavuli. Kesi yenyewe ni ile mvua.

MitumbaJumapili:

Wakuu nimerudi baada ya wiki kadhaa, samahani kwa kimya, nilikuwa nawakimbizia haya mambo na bado niuze.

Tulichanga shilingi hamsini hamsini tukapata za kopi na nauli. Barua tatu zimeandikwa na binti ya jirani aliyemaliza fomu four, zote zina muhuri, ya afisi ya soko ilichukua siku tatu na watu watano kwa benchi kama mama alivyosema, siku ya tatu tulienda na chai ya thamosi, yule afisa akapiga muhuri bila kutuangalia.

Sheria ya Fedha tumeipata. Imechapishwa, hapo hawakukosea. Lakini sasa sikizeni. Tulifungua jedwali la nyuma, tukatafuta masoko, soko letu liko daraja la pili, na tiketi ya siku kwa mtu mwenye meza ni shilingi HAMSINI. Nimesoma mara tatu, nikampa binti asome, akasoma hamsini. Kodi ya kibanda kweli ni 1,500, hiyo iko. Lakini tiketi tunayopewa kila siku imeandikwa 70. Tukamuuliza kijana wa tiketi kwa upole tu, akasema ile ishirini ni ya usafi. Usafi gani na iko wapi kwa jedwali, akasema yeye hajui jedwali.

Orodha ya waliohudhuria nayo walitupa, hata nilishangaa. Watu arobaini na mmoja, majina, namba za simu, sahihi. Kwetu sokoni hakuna hata jina moja. Tukapiga simu kwa wachache. Wa kwanza hakushika. Wa pili alikuwa mama fulani mchangamfu sana, akasema ndio alisaini, ilikuwa semina ya ng'ombe wa maziwa, walikula wali na nyama na kupewa nauli, mambo ya soko hayakutajwa. Wa tatu naye akasema ng'ombe wa maziwa. Wa nne akauliza kama kuna semina ingine.

KaraniMstaafu (Nakuru):

Nimecheka peke yangu mpaka mama wa nyumbani amekuja kuangalia.

Sasa tulia. Hizo ni kesi mbili usizichanganye kwa sufuria moja. Ile ya ishirini ni nyepesi na ni ya moto, kwa sababu haigusi sheria yao, inasema tu mnatoza kitu ambacho sheria yenu wenyewe haina. Hiyo wanaweza hata kuirekebisha kwa barua moja bila koti, na ningeanza nayo. Ile ya ng'ombe ni ya kuangusha sheria yote, ni nzito, itapingwa, na itataka wale watu wa semina wale kiapo. Waulize kama wako tayari kuapa. Kucheka kwa simu si sawa na kusimama mbele ya kamishna wa viapo.

WakiliWaKijijini (Kakamega):

Nakubaliana na mzee. Andikeni barua ya nne sasa hivi, fupi, jedwali linasema hamsini, tiketi inasema sabini, tunaomba mtuonyeshe ishirini inatozwa kwa sheria gani, wapeni siku kumi na nne. Weka kopi ya ukurasa wa jedwali na kopi ya tiketi. Ombi la bunge la kaunti mlipeleke pia, msingojee. Na hizo namba za simu za watu wa semina tafadhali usiziweke kwa grupu.

NyarNam:

Na msiende kumgombanisha huyo kijana wa tiketi. Huyo analipwa kwa siku kama sisi.

MitumbaJumapili:

Sawa mama, hatujamgusa, hata jana alinunua soksi za mtoto kwangu nikampunguzia kumi.

Barua ya nne imeenda leo asubuhi. Ombi la bunge la kaunti binti anamalizia, tumeshapata sahihi mia moja na ishirini na kitu, wengine wanaweka kidole. Majina yote ni ya watu wa soko, hakuna ng'ombe.

Tiketi naweka kwa kopo la Blue Band tangu mzee karani aliniambia siku ya kwanza, na nimeambia wenzangu waweke. Shida moja, zile zilinyeshewa wino umeanza kufifia, tarehe haionekani vizuri. Niandike tarehe nyuma na kalamu ndio zisipotee ama hiyo ni kuharibu ushahidi?

KaraniMstaafu (Nakuru):

Usiandike kitu chochote kwa tiketi. Nunua daftari la mistari, bandika tiketi na pini pembeni, andika tarehe kwenye daftari, si kwenye tiketi. Zile zilizofifia zipige picha leo, usingoje kesho. Na usibandike na uji.

MitumbaJumapili:

Sawa mzee. Daftari la kurasa 96 litatosha ama ninunue la 200?

KaraniMstaafu (Nakuru):

Nunua la 200.